Pita Sahili ya Kifaransa na Mofimu -ka- ya Kiswahili: Umbo, Kazi na Athari Zake katika Tafsiri ya Masimulizi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi vitenzi vya Kifaransa vinavyoambishwa katika njeo ya pita sahili (passé simple), kisha inachunguza kazi ya njeo hiyo katika masimulizi na kuilinganisha na mofimu -ka- ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba njeo hizi mbili hufanana katika jambo moja la msingi, yaani kupanga matukio kwa kufuatana bila kuruhusu mpangilio huo kugeuzwa. Hata hivyo, hutofautiana katika ubebaji wa wakati, katika mazingira ya kisarufi zinamoweza kutokea na katika rejesta. Kwa sababu hiyo, uteuzi wa -li- au -ka- katika tafsiri ya riwaya ya Kifaransa hauwezi kufanywa kwa mazoea ya sikio peke yake. Ni uamuzi unaogusa mtindo wa matini chanzi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza Kifaransa katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huweza kusoma miaka kadhaa bila kulazimika kutamka hata kitenzi kimoja katika pita sahili. Katika mazungumzo, barua za kawaida na simulizi za mdomo, Wafaransa wa leo hutumia pita ambatani (passé composé): j'ai parlé, il est venu. Lakini mwanafunzi huyohuyo akifungua Candide ya Voltaire (1759), au kitabu cha hadithi za watoto, hukuta vitenzi vyenye maumbo asiyoyajua: il naquit, ils vécurent, elle fut. Njeo isiyosikika mitaani ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya nathari ya usimulizi ya lugha hiyo.

Suala hili lina uzito kwa taaluma ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, wasemaji wengi wa Kiswahili katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengine nchini Burundi na Rwanda, husoma Kifaransa shuleni, na lugha hizi mbili hukutana katika usomaji wao. Pili, tafsiri ya fasihi ya Kifaransa kwa Kiswahili inamlazimu mtafsiri aamue, karibu katika kila sentensi, kati ya -li- na -ka-. Kifaransa nacho kina uteuzi wake, kati ya pita sahili, pita ambatani na pita endelevu (imparfait). Mipaka ya mifumo hii miwili hailingani. Makala inaanza na maumbo, kisha inaeleza kazi, na hatimaye inaonyesha matokeo ya ulinganishi huo kwa mtafsiri.

2.0 Maumbo ya pita sahili

2.1 Makundi manne ya viambishi tamati

Katika Kiswahili, nafsi na njeo hubebwa na mofimu mbili zinazotenganika: wa-li-imba, wa-ka-imba. Katika pita sahili, kiambishi tamati kimoja hubeba njeo, nafsi na idadi kwa pamoja. Katika ils chantèrent, hakuna kipande kinachoweza kukatwa na kuitwa "njeo" peke yake. -Èrent yote ni wakati uliopita, nafsi ya tatu na wingi. Viambishi hivyo vimo katika makundi manne, kufuatana na irabu inayotawala:

(1) a. Kundi la -a-: je parlai, tu parlas, il parla, nous parlâmes, vous parlâtes, ils parlèrent
b. Kundi la -i-: je finis, tu finis, il finit, nous finîmes, vous finîtes, ils finirent
c. Kundi la -u-: je voulus, tu voulus, il voulut, nous voulûmes, vous voulûtes, ils voulurent
d. Kundi la -in-: je vins, tu vins, il vint, nous vînmes, vous vîntes, ils vinrent

Kundi la kwanza lina vitenzi vyote vinavyoishia na -er, pamoja na aller. Kundi la pili lina vitenzi vya aina ya finir na vingi vinavyoishia na -re, kama vendre (je vendis). Kundi la tatu lina être (je fus), avoir (j'eus), na vingine kama lire, boire na mourir (je lus, je bus, je mourus). Kundi la nne ni dogo mno: ni venir, tenir na vitenzi vilivyoundwa kutokana navyo, kama devenir na obtenir.

Kitenzishi cha wakati uliopita (participe passé) humsaidia mwanafunzi kubashiri kundi, ingawa hakimhakikishii. Penye lu, bu na voulu tunapata lus, bus na voulus. Penye pris, mis na dit tunapata pris, mis na dis. Lakini vu haitoi *vus bali vis; vendu hutoa vendis; venu hutoa vins. Aidha, baadhi ya vitenzi vina shina ambalo kitenzishi hakilidokezi kabisa: naître hutoa naquis, écrire hutoa écrivis, craindre hutoa craignis. Hivi havina budi kukaririwa.

2.2 Chimbuko la maumbo

Ukosefu huu wa utaratibu una historia. Pita sahili imetokana na njeo timilifu ya Kilatini: cantavi imezaa chantai, dixi imezaa dis, fui imezaa fus. Vitenzi vya Kilatini vilikuwa na njia mbalimbali za kuunda mashina ya njeo hiyo, na Kifaransa kimerithi mabaki ya njia hizo. Alama ya kofia juu ya irabu katika vous chantâtes ni kumbukumbu ya s iliyodondoka, kwani umbo la kale lilikuwa chantastes, kutokana na cantastis. Nous chantâmes haikuwa na s hiyo katika asili yake. Ilipewa kofia kwa mlinganisho na umbo la nafsi ya pili.

Kofia hiyo ni ya kuzingatiwa zaidi katika nafsi ya tatu umoja. Il fut na il eut ni pita sahili, ilhali il fût na il eût ni dhamira tegemezi ya wakati uliopita. Anayesoma haraka huweza kuchukua "alikuwa" mahali ambapo mwandishi alikusudia "angekuwa" au "awe".

2.3 Maumbo yanayogongana na maumbo yasiyokuwapo

Kwa kuwa njeo haina mofimu yake ya pekee, maumbo hugongana. Katika umoja, je finis, tu finis na il finit huandikwa sawasawa katika njeo iliyopo na katika pita sahili. Ndivyo ilivyo kwa il dit na il rit. Je vis huweza kuwa "niliona", kutoka voir, au "ninaishi", kutoka vivre. Tofauti ya je parlai na je parlais, yaani kati ya pita sahili na pita endelevu, haisikiki kwa wasemaji wengi, na huwakosesha hata waandishi. Msomaji hulazimika kutegemea vitenzi jirani: akikuta il entra, s'assit et dit, anajua kwamba dit ni ya wakati uliopita kwa sababu ya entra. Kiswahili hakina tatizo hili. Anasema na akasema haviwezi kuchanganywa.

Baadhi ya vitenzi, kama traire, extraire na clore, havina pita sahili kabisa. Katika mazungumzo pengo hilo halionekani, kwa sababu msemaji hutumia pita ambatani. Mwandishi wa riwaya ndiye anayelazimika kutafuta kitenzi kingine au kuunda sentensi upya.

3.0 Kazi ya pita sahili

3.1 Kutoka umbali wa wakati hadi aina ya usemi

Wanasarufi wa karne ya 17 walitofautisha pita sahili na pita ambatani kwa kigezo cha umbali. Sarufi ya Port-Royal ya Arnauld na Lancelot (1660) ilieleza kwamba pita sahili hutumika kwa tukio lililotengwa na wakati wa kusema kwa muda usiopungua siku moja. Kanuni hiyo haikuwa ya vitabuni tu. Tamthilia ya Corneille, Le Cid, ilipozua mjadala baada ya kuonyeshwa mwaka 1637, Académie française ilimkosoa mwandishi kwa kumfanya mhusika ataje kwa pita sahili fedheha aliyoitenda siku ileile. Kwa mwanaisimu wa lugha za Kibantu, kanuni hii si ngeni: Kikuyu na Kihaya, kwa mfano, hutofautisha wakati uliopita wa leo na ule wa kabla ya leo kwa mofimu mahususi.

Kigezo cha umbali hakielezi tena Kifaransa cha leo. Benveniste (1959) alipendekeza maelezo mengine: pita sahili ni ya usemi wa "historia", ambamo matukio husimuliwa kana kwamba hakuna anayeyasema, na pita ambatani ni ya "diskosi", ambamo kuna msemaji na msikilizaji. Pendekezo hili linaeleza kwa nini nafsi ya tatu ndiyo inayotawala katika pita sahili, na kwa nini vous chantâtes husikika kama kichekesho. Kumwambia mtu jambo alilolitenda yeye mwenyewe ni kuzungumza naye, na njeo hii imeacha kuwa ya mazungumzo. Hata hivyo, pendekezo hili halipaswi kuchukuliwa kuwa sheria kali, maana riwaya nyingi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kwa pita sahili.

3.2 Upinzani na pita endelevu

Ndani ya masimulizi, pita sahili hupingana na pita endelevu. Tazama mfano uliotungwa hapa:

(2) Le pêcheur poussa la barque, leva la voile et disparut. Sa femme attendait sur la plage.
"Mvuvi alisukuma mashua, akatweka tanga, akatoweka. Mkewe alikuwa akingoja pwani."

Vitenzi vitatu vya kwanza vinasogeza hadithi mbele. Attendait haiisogezi, inaeleza hali iliyokuwa ikiendelea matukio hayo yakitendeka. Mwandishi angeandika attendit, kungoja kungekuwa tukio la nne: mume ametoweka, ndipo mke "akangoja". Tofauti ya herufi chache inabadilisha mahali pa mke katika kisa.

Upinzani huu huonekana pia katika vitenzi vya hali. Il savait la vérité ni "alikuwa akijua ukweli", lakini il sut la vérité ni "akapata kujua ukweli". Pita sahili hukitazama kitendo kikiwa kizima, chenye mwanzo na mwisho, na kwa kitenzi cha hali mara nyingi unaobaki kuonekana ni mwanzo. Muda mrefu si kizuizi. Elle régna trente ans, "alitawala miaka 30", ni sahihi, kwa sababu miaka hiyo inahesabiwa kama kitu kimoja kilichokwisha.

4.0 Pita sahili na -ka-

4.1 Mfanano: mpangilio usiogeuzwa

Sarufi za Kiswahili, tangu ile ya Ashton (1944), huieleza -ka- kuwa mofimu ya matukio yanayofuatana katika masimulizi. Ukaribu wake na pita sahili hujitokeza vizuri tunapojaribu kugeuza mpangilio wa sababu na matokeo:

(3) a. Il se cassa la jambe. Il tomba dans l'escalier.
b. Il s'est cassé la jambe. Il est tombé dans l'escalier.

(4) a. Alivunjika mguu, akaanguka ngazini.
b. Alivunjika mguu. Alianguka ngazini.

Katika (3b), yenye pita ambatani, sentensi ya pili inaweza kusomwa kama maelezo ya ile ya kwanza: alivunjika mguu kwa sababu alianguka. Katika (3a), yenye pita sahili, usomaji huo ni mgumu. Msomaji husukumwa kuelewa kwamba mguu ulivunjika kwanza, kisha mtu akaanguka. Jozi ya Kiswahili inatenda vivyo hivyo. Katika (4b), -li- ya pili inaruhusu kurudi nyuma na kutoa sababu. Katika (4a), -ka- inakataza. Kwa kigezo hiki, mfuatano wa -ka- ndio unaolingana na pita sahili, na mfuatano wa -li- zilizosimama peke yake ndio unaokaribia pita ambatani. Vitabu vingi vya kufundishia hutoa -li- kama fasiri ya njeo zote mbili za Kifaransa, na kwa kufanya hivyo huificha tofauti hii.

4.2 Tofauti ya kwanza: ubebaji wa wakati

Pita sahili hubeba wakati uliopita yenyewe, nayo yaweza kufungua riwaya kwenye neno la kwanza. Kwa kawaida, -ka- huazima wakati kutoka kwa kitenzi kilichotangulia. Katika "Ukifika ukamkuta, mwambie aje", ukamkuta si wakati uliopita hata kidogo. Kunatokea baada ya kufika, na kufika kwenyewe bado. Ndiyo maana ngano hufunguliwa kwa -li-, kama katika "Hapo zamani za kale paliondokea...", ndipo -ka- zikafuata.

Matokeo yake ni kwamba msimulizi wa Kiswahili hurudi kwenye -li- kila anapoanza sehemu mpya ya kisa, na marejeo hayo huyagawa masimulizi katika mafungu. Pita sahili haina mgawanyo huo, kwani tukio la kwanza la sura na tukio la kumi yana umbo moja. Basi mtafsiri anapoamua wapi pa kuweka -li- mpya, anaongeza taarifa ambayo sarufi ya matini chanzi haikuitoa. Hana njia ya kuliepuka hilo. Anachoweza kufanya ni kuyaoanisha mafungu yake na aya, viunganishi na mabadiliko ya mahali yaliyomo katika matini chanzi.

4.3 Tofauti ya pili: mazingira ya kisarufi

Pita sahili huweza kutokea katika kishazi rejeshi, katika kishazi cha wakati na katika ukanushi. -ka- haitokei humo:

(5) L'homme qui vint ce soir-là ne dit rien.
"Mtu aliyekuja jioni ile hakusema kitu."

(6) Quand il eut mangé, il sortit.
"Alipokwisha kula, akatoka."

Katika (5), urejeshi unadai -li-, na ukanushi unadai haku-. Katika (6), eut mangé ni njeo ya utangulizi inayoundwa kwa pita sahili ya avoir, na Kiswahili hutumia -kwisha- kuonyesha kwamba kula kulimalizika kabla ya kutoka.

Ukanushi unastahili kuangaliwa zaidi. Mara nyingi huelezwa kwamba -ka- haina umbo la kukanusha, na kwamba haku- ndiyo mbadala wake. Hata hivyo, nathari ya kimapokeo ina njia nyingine, nayo ni dhamira tegemezi kanushi: "Akamwita, naye asijibu", "akaondoka, asirudi tena". Umbo hili hulibakiza tendo lililokanushwa ndani ya mnyororo wa matukio, ilhali "hakujibu" hulitoa na kulisimamisha kama kauli huru. Kwa hiyo elle ne répondit pas, ikiwa katikati ya mfululizo wa pita sahili, inafasiriwa kwa uaminifu zaidi na "asijibu" kuliko "hakujibu". Ni umbo ambalo waandishi wa leo wanalitumia kwa nadra, na ambalo mtafsiri wa Kifaransa ana sababu nzuri ya kulihuisha.

4.4 Tofauti ya tatu: rejesta

Pita sahili ni ya maandishi. -Ka- iko hai kote. Mtu anayesimulia ajali aliyoiona sokoni husema "akatoka, akakimbia, akaanguka" bila kujitia uandishi. Hivyo basi, -ka- huhifadhi mpangilio wa pita sahili lakini hupoteza harufu yake ya kitabu. Hasara hii haiwezi kufidiwa na njeo. Hufidiwa na msamiati na sintaksia. "Akanena" ina daraja tofauti na "akasema", na "akatanabahi" si sawa na "akaelewa". Umbo la "asijibu" lililotajwa hapo juu, pamoja na viunganishi kama "hata" na "basi" mwanzoni mwa sentensi, humwambia msomaji kwamba yumo ndani ya masimulizi yaliyoandikwa.

5.0 Athari kwa mtafsiri wa riwaya

Ulinganishi huu unakuwa na uzito wa pekee pale mwandishi wa Kifaransa anapoikataa pita sahili kwa makusudi. Mfano mashuhuri ni L'Étranger ya Camus (1942), ambayo kwa sehemu kubwa inasimuliwa kwa pita ambatani. Sartre, katika insha yake ya mwaka 1943 juu ya riwaya hiyo, alionyesha kwamba njeo hiyo inaitenga kila sentensi na jirani yake, mithili ya visiwa. Barthes (1953) naye aliitazama pita sahili kama alama ya mpangilio: ulimwengu unaosimuliwa kwayo ni ulimwengu ambao matukio yake yamekwisha kuunganishwa na kupewa maana.

Tuchukue sentensi za kutungwa zenye mtindo wa pita ambatani:

(7) Je me suis levé. J'ai ouvert la fenêtre. J'ai regardé la rue.
a. "Niliinuka, nikafungua dirisha, nikatazama barabara."
b. "Niliinuka. Nilifungua dirisha. Nilitazama barabara."

Sikio la Kiswahili hupendelea (7a). Mwalimu wa insha angesahihisha (7b), na mhariri wa shirika la uchapishaji huenda akafanya hivyo pia, akiona -li- zinazorudiwa kuwa ni udhaifu wa lugha. Lakini (7a) inarudisha mnyororo uleule ambao mwandishi aliukata. Msimulizi ambaye matendo yake hayaungani anageuzwa kuwa msimulizi wa kawaida, mwenye kisa kinachotiririka. Kinachopotea si pambo la lugha, bali ni namna mhusika anavyouona ulimwengu.

Kinyume chake pia ni kweli. Mtafsiri wa Candide akifasiri kila pita sahili kwa -li-, ataivunja kasi ya kitabu ambacho misiba yake hufuatana bila msomaji kupata nafasi ya kupumua. Huko -ka- ndiyo inayotakiwa, na kwa wingi.

Kutokana na hayo, maswali matatu yanafaa kuulizwa kabla ya kuteua njeo ya Kiswahili. Je, matini chanzi inasimulia kwa pita sahili au kwa pita ambatani, na je, uteuzi huo ni wa kitabu kizima au hubadilika? Je, kitenzi kinachohusika kinasogeza kisa mbele, au kinaeleza hali? Na je, mazingira ya kisarufi yanaruhusu -ka-. Na yasiporuhusu, ni umbo gani linaloweza kulibakiza tendo ndani ya mnyororo? Swali la kwanza ndilo linalosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa kuwa Kiswahili hakimlazimishi mtafsiri kuliuliza.

6.0 Hitimisho

Uambishaji wa pita sahili ni suala la makundi manne, orodha ya mashina ya kukariri na uangalifu wa kofia juu ya irabu. Ugumu ulio mkubwa zaidi umo katika kufahamu njeo hii inasimama dhidi ya nini. Dhidi ya pita endelevu, huleta tukio mbele na kuiacha hali nyuma. Dhidi ya pita ambatani, hufungamanisha matukio pale ambapo nyingine huyaacha yakisimama moja moja. Kiswahili kina upinzani unaokaribiana na huu wa pili, nao umo kati ya -ka- na -li-, ijapokuwa haukupangwa kwa mipaka ya maandishi na mazungumzo. Mtafsiri anayeutambua anaweza kuutumia kuhifadhi tofauti ambayo lugha nyingine zenye njeo moja ya wakati uliopita haziwezi kuihifadhi kwa kitenzi peke yake. Kwa upande wa ufundishaji, inafaa mwanafunzi anayejua Kiswahili aoneshwe (3) na (4) mapema, kabla ya kukabidhiwa majedwali ya viambishi, kwa kuwa sarufi ya lugha yake tayari imemfundisha nusu ya kile ambacho pita sahili inakifanya.